Nimehama Mbeya, sanduku la posta limebaki nyuma. Tuelezane namna ya kuhamisha anwani na barua

Binti wa Isanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nawasalimu kutoka Mafinga, baridi imeshaanza kuuma na mimi nafunga mizigo tena.

Mimi ni muuguzi. Mwaka juzi nilihamishwa kutoka Mbeya kuja huku Mufindi, na sasa barua nyingine ya uhamisho imetoka, mwezi ujao naripoti Njombe. Safari ile ya kwanza nilibeba kila kitu: kitanda, kabati, mtungi wa gesi, mpaka mche wa parachichi niliokuwa nimeuotesha kwenye ndoo. Anwani sikuihamisha. Wala haikunijia akilini kwamba ni kitu cha kuhamishwa. Naomba niwaeleze yaliyonipata, halafu wenye uzoefu mnifundishe, maana safari hii sitaki yajirudie.

Sanduku letu lipo posta ya Mbeya mjini. Baba alilikodi mwaka 1986. Ni yale madogo ya mlango wa chuma, rangi imebanduka na namba imefutika nusu, kwa hiyo sisi tunalitambua kwa kuhesabu: safu ya nne kutoka chini, la tatu kutoka ukutani. Nilipokuwa mdogo baba alikuwa ananinyanyua ili nichungulie kabla hajaingiza ufunguo. Barua zote za nyumbani zilipita hapo. Fomu zangu za kujiunga na sekondari zilifikia hapo. Shangazi aliyeolewa Kapiri Mposhi, kule reli ya TAZARA inakoishia Zambia, mpaka leo anaandika barua kwa mkono na anazituma hapo hapo. Baba alifariki mwaka 2021, tukaendelea kulilipia, ufunguo akawa nao mdogo wangu wa kiume.

Nilipohamia Mafinga nilijua mdogo wangu anachungulia. Kumbe naye alishapata kazi Tunduma, akamwachia jirani ufunguo bila maelezo. Jirani akautundika kwenye msumari wa jikoni akidhani ni wa kufuli bovu. Miezi saba hakuna aliyefungua lile sanduku.

Nilikuja Mbeya kwenye msiba, nikauchukua ufunguo nikaenda. Mlango ulikuwa mgumu kufunguka kwa sababu bahasha zilikuwa zimeubana kwa ndani. Nikazitoa zote, nikakaa pembeni nikaanza kuzipanga kwa mihuri. Katikati ilikuwemo bahasha ya kahawia, imeandikwa jina la baba na chini yake "Msimamizi wa Mirathi". Ofisi moja aliyowahi kufanyia kazi ilikuwa inatuita tupeleke vielelezo vya stahili zake ndani ya siku 60. Muhuri ulionyesha ilifika Mbeya wiki mbili tu baada ya mimi kuondoka. Zile siku 60 zilishapita kwa zaidi ya miezi minne.

Tulipokwenda tukaambiwa faili limesharudishwa, tuanze upya. Barua za mahakama, vyeti, picha, viapo, vyote upya. Mama yangu ana miaka 71. Nimempandisha basi mara tatu kwenda na kurudi, miguu imemvimba, kwa barua iliyokuwa imelala umbali wa daladala moja kutoka nyumbani kwake. Stahili zilitoka mwishoni, namshukuru Mungu, ila mbolea ya msimu mzima mama alikopa. Hilo bado linaniuma.

Sasa nauliza mambo matatu. Je, posta wanaweza kuzielekeza barua za sanduku la Mbeya zinifuate Njombe? Sanduku la zamani nilirudishe au niendelee kulilipia? Na hizi anwani za makazi za namba za nyumba zinachukua nafasi ya sanduku, au ni kitu kingine kabisa?

Naomba kuwasilisha.

---

Jembe la Nzovwe

Pole sana dada. Swali langu ni la kweli, sikukejeli: nani bado anatumiwa barua za karatasi? Mimi tangu nimemaliza chuo sijawahi kushika ufunguo wa sanduku. Kila kitu ni simu na imeili. Kwa nini msiwaandikie hao wote watumie imeili yakaisha?

---

Binti wa Isanga

Asante kaka. Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo, mpaka siku ile. Barua zinazokuja kwa karatasi ni chache, lakini ndizo zile ambazo ukizikosa unaumia: mirathi, mahakama, kiwanja, pensheni, na mzigo kutoka nje ya nchi. Na mtumaji haangalii wewe unatumia nini. Anaangalia faili lake lina anwani gani. Baba aliandika ile anwani mwaka 1986 na hakuna mtu aliyewahi kuibadilisha.

---

Mstaafu wa Kaunta

Binti yangu, pole kwa msiba na pole kwa usumbufu wa mama. Nimesoma uzi huu mara mbili. Mimi nilianza kazi enzi za Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka 1994 likazaliwa Shirika la Posta peke yake na simu peke yake. Nimekaa kwenye upangaji wa barua na kwenye kaunta mpaka nikastaafu, kwa hiyo nikueleze jambo hili kwa upande wa ndani wa ukuta, kule msikokuona.

Mpangaji wa barua anasoma bahasha kuanzia chini. Kwanza jina la mji, maana mifuko inafungwa kwa miji. Mfuko ukifika Mbeya unafunguliwa, anasoma namba ya sanduku, anatupia kwenye tundu. Jina lako analisoma mwisho, na siku yenye barua nyingi halisomi kabisa. Shika hapo, maana shida yako yote imeanzia hapo. Hata kama kila mtu pale posta anajua umehama, barua itaingia tu kwenye lile tundu kwa sababu namba ndiyo inayoongoza mkono. Na ukilirudisha sanduku, au likafungwa kwa kutolipiwa, kitasa kinabadilishwa na siku moja linakodiwa na mtu mwingine. Barua zako zitamwendea yeye. Akiwa muungwana atazirudisha kaunta. Akiwa mvivu ataziweka kando.

Jambo la pili ambalo watu wengi wanakosea: namba ya sanduku ina maana ndani ya mji wake tu. S.L.P. 200 Mbeya na S.L.P. 200 Njombe ni za watu wawili tofauti. Ukihama usimwambie mtu "namba ni ile ile ila sasa niko Njombe". Nimeshika barua nyingi za namna hiyo, zimepotea na mwenyewe ndiye aliyezipoteza.

Sasa majibu yako. Kuelekeza barua kunawezekana. Unamwandikia postamasta wa posta unayotoka. Usiseme kwa mdomo kaunta, maana karani uliyemwambia leo kesho yuko likizo. Andika hivi:

*Kwa Postamasta,*
*Posta ya Mbeya.*

*YAH: KUELEKEZA BARUA ZA SANDUKU NAMBA ____ KWENYE ANWANI MPYA*

*Mimi ____, mwenye sanduku lililotajwa hapo juu, nimehamia Njombe kikazi. Naomba barua zote zenye majina yafuatayo (taja kila jina linalotumia sanduku hilo, pamoja na la marehemu) zielekezwe S.L.P. ____, Njombe, kuanzia tarehe ____ hadi tarehe ____. Naambatisha nakala ya kitambulisho changu na ya risiti ya malipo ya sanduku. Namba yangu ya simu ni ____.*

*Sahihi na tarehe.*

Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Waulize pale pale kama kuna malipo. Hayo majina ndiyo yenye uzito. Ungeandika jina lako tu, ile bahasha ya baba ingebaki Mbeya.

Ila usiegemee barua hiyo peke yake. Lilipie sanduku la zamani mwaka mmoja zaidi, na ufunguo umkabidhi mtu unayemwamini, kwa maelezo, siyo kwa kuuacha tu. Barua ya kawaida ikiingia humo, mtu huyo anakata anwani ya zamani kwa mstari mmoja unaosomeka, anaandika mpya pembeni, anairudisha kaunta. Asiifungue, maana ikishafunguliwa ni barua nyingine, inataka bahasha na stempu mpya.

Barua ya rejista ni habari nyingine. Sandukuni inawekwa slipu tu, barua yenyewe ipo kaunta na inasainiwa kwa kitambulisho. Mwenye ufunguo hatapewa bila barua ya idhini kutoka kwako na nakala ya kitambulisho chako. Mwachie hiyo idhini kabla hujaondoka.

---

Binti wa Isanga

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya kutaja majina yote nisingeiwaza kamwe. Ubarikiwe sana.

Swali dogo: nikifika Njombe kabla sijapata sanduku, maana naambiwa yanaweza kuwa yamejaa, nifanyeje kwa hizo wiki za katikati?

---

Mstaafu wa Kaunta

Marahaba mwanangu. Wakuandikie jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, chini yake "Poste Restante", kisha Posta ya Njombe. Maana yake barua ibaki posta ikusubiri. Unakwenda na kitambulisho unaulizia. Ni utaratibu wa zamani, unajulikana posta za dunia nzima. Lakini haikai milele, ikipita muda inarudishwa kwa mtumaji, kwa hiyo pita kila wiki. Na kwa sababu hiyo wahimize wanaokuandikia waweke anwani yao nyuma ya bahasha. Isiyo na anwani ya mtumaji haina pa kurudi.

Ipo pia Posta Kiganjani, ambayo namba yako ya simu ndiyo inageuka kuwa anwani. Kwa mtu wa uhamisho kama wewe ni jambo la kuulizia hapo hapo kaunta.

---

Vipuri Mafiati

Wakuu huu uzi ungekuja miaka mitatu nyuma ungeniokoa. Mimi nilitoa duka Mafiati nikapeleka Tunduma. Nikadhani nikibadilisha sanduku nimemaliza. Wapi!

Kwa mfanyabiashara anwani ipo sehemu nyingi kuliko unavyofikiri. TRA kwenye TIN, ile namba ya mlipakodi. Leseni ya biashara, ambayo inatolewa na halmashauri, kwa hiyo ukivuka halmashauri unaanza upya huko uendako. BRELA, wale wa usajili wa biashara, kama una kampuni au jina la biashara, maana barua za kisheria zinakwenda kwenye anwani iliyosajiliwa, uwe bado upo au umeondoka. Benki. Muhuri wa duka. Na mashine ya EFD! Mimi nilikuwa nauza Tunduma, risiti inatoka imeandikwa Mbeya. Mteja mmoja wa kutoka ng'ambo ya mpaka aliishika akaniuliza, "Hili duka lipo wapi hasa?" Nikamwita fundi wa wakala siku ile ile.

Halafu kuna hili la mikoa kugawanywa. Tunduma na Vwawa zilikuwa Mbeya, mwaka 2016 zikawa Songwe. Njombe na Makambako zilikuwa Iringa mpaka mwaka 2012. Kuna watu hawajahama hata hatua moja lakini anwani yao imehama. Nyaraka za zamani za mzee wangu zinasema "Mbozi, Mbeya" na mpya zinasema "Mbozi, Songwe", na ofisi moja ilitaka kiapo kwamba ni mtu mmoja. Dada, unakwenda Njombe, angalia kwenye karatasi za marehemu baba kama kuna mahali pameandikwa "Njombe, Iringa". Watakuuliza.

---

Mtendaji wa Mtaa

Nijibu swali la tatu, kwa kuwa ni kazi yangu ya kila siku.

Anwani ya makazi na sanduku la posta ni vitu viwili vyenye tabia tofauti. Sanduku ni la mtu. Namba ya nyumba ni ya nyumba. Ukihama kutoka Isanga kwenda Uyole, sanduku lako la Mbeya mjini halibadiliki hata kidogo, barua zitaendelea kufika, lakini anwani yako ya makazi imebadilika yote: jina la barabara, namba ya nyumba, kata na postikodi. Ukihama mji mzima kama wewe, vyote viwili vinabadilika. Wengi wanaohama ndani ya jiji wanabadilisha kisichohitaji kubadilishwa na wanaacha kinachohitaji.

Vile vibao vya namba na nguzo za majina ya barabara viliwekwa kwa wingi mwaka 2022, Operesheni ya Anwani za Makazi ilipozinduliwa mwezi Februari ili imalizike kabla ya Sensa ya Agosti. Kumbukumbu zake zipo kwenye NaPA, mfumo wa kidijitali wa anwani za makazi. Postikodi ina tarakimu tano. Ya kwanza ni kanda, na sisi Nyanda za Juu Kusini ni 5. Ukiongeza ya pili unapata mkoa: Iringa 51, Mbeya 53, Njombe 59. Ya tatu ni wilaya, mbili za mwisho ni kata. Kwa hiyo kwenye fomu zako ukikuta postikodi inaanza na 51 wakati uko Njombe, hiyo ni ya Mafinga, ibadilishe.

Ushauri wangu: kabla hujatoka Mafinga pita kwa mtendaji wako umuage, na ukifika Njombe wiki ya kwanza ile ile nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji ujitambulishe. Barua ya utambulisho unaihitaji benki na kwenye ofisi nyingi, na mtendaji hawezi kukutambulisha kama hajui unaishi nyumba ipi. Piga picha kibao cha namba cha nyumba uliyopanga. Wapangaji wengi hawaijui namba ya nyumba wanayolala. Na kama kibao kimeng'oka, namba bado ipo kwenye mfumo, tuulizeni.

Usisahau daftari la wapiga kura. Ukihama kata au jimbo, taarifa zako zinahamishwa wakati wa uboreshaji.

---

Mama Kiwira

Ndaga fijo kwa uzi huu. Mimi niko Marekani mwaka wa tisa, kwetu Kiwira.

Huku ukihama unajaza fomu ya posta, kwa mtandao au pale posta, na barua zako za kawaida wanazielekeza kwenye nyumba mpya kwa miezi 12. Magazeti ni siku 60 tu. Wadogo zangu walioko Uingereza wanalipia, wanachagua miezi mitatu, sita au 12. Nilipofika huku nilidhani kwa hiyo mtu hana kazi ya kufanya. Siyo kweli. Kuna bahasha za benki na za serikali zinazoandikwa kabisa kwamba zisielekezwe, mpokeaji akihama zinarudi kwa mtumaji. Kwa hiyo hata huku tunaambiwa: elekeza, lakini mwandikie kila mtumaji. Naona mzee wetu wa kaunta amesema lile lile.

Ninalotaka kuuliza ni kuhusu mama yangu. Anatumia sanduku la usharika, lipo Tukuyu. Mchungaji aliyekuwa anamletea barua amehamishwa. Tangu hapo kadi zangu mbili sijui zilipo. Nifanyeje nikiwa huku mbali?

---

Mwalimu wa Makete

Mama Kiwira, kamwene. Mimi nimeishi na sanduku la shule kwa miaka mingi na nadhani shida ni moja. Sanduku la shule, la usharika au la zahanati linatumiwa na kijiji kizima, lakini mwenye ufunguo ni mmoja, na yeye ni mtu wa uhamisho. Akiondoka anakabidhi vitabu vya fedha, mihuri na funguo za ofisi. Hakabidhi ile kumbukumbu ya kichwani ya nani ni nani: kwamba bibi anayeandikiwa jina la ubatizo ndiye yule yule anayeitwa Mama fulani kule bondeni. Mchungaji mpya anaona jina halijui, anaiweka barua dirishani. Barua za mama yako zinaweza kuwa zimekaa dirishani.

Hapa shuleni tulipata tiba. Kuna daftari kubwa la mistari. Kila anayetumia sanduku letu ameandikwa jina lote, jina analoitwa, kitongoji, na simu ya mtu mmoja wa karibu. Barua ikija inaandikwa humo, anayechukua anasaini. Anayehama anaandika anakokwenda. Mwaka jana ilikuja barua ya kijana aliyemaliza darasa la saba hapa zamani sana. Nikafungua daftari nikakuta baba yake aliandika wamehamia Ilembula, na namba. Nikapiga, ikapokelewa.

Wewe mpigie mzee wa kanisa wa mtaa wa mama, siyo mchungaji mpya. Mzee wa kanisa hahamishwi.

---

Mama Kiwira

Mwalimu, nimepiga leo alfajiri. Kadi zote mbili zimepatikana, zilikuwa kwenye droo ya ofisi ya usharika pamoja na barua za watu wengine sita. Mzee wa kanisa amesema Jumapili atazisoma majina baada ya matangazo. Mungu akubariki.

---

Dereva wa Nyanda

Niongeze upande wa mizigo. Sehemu kubwa ya vitu vya watu huku kwetu haviji kwa posta, vinakuja kwa basi, na huko anwani ni jina, simu na mahali pa kushushia. Mtu akihama na akabadilisha na laini, mzigo unakuwa yatima. Nimewahi kubeba boksi la sare za shule kutoka Dar, limeandikwa Mafinga, mwenyewe kahamia Makambako. Simu haipatikani. Boksi likapitiliza mpaka Mbeya, likarudi, likakaa ofisi ya mizigo mpaka shule ikafunguliwa.

Dada, laini yako ya zamani usiitupe. Laini isiyotumika muda mrefu hupewa mtu mwingine, na huyo ndiye atakayepigiwa kuhusu mzigo wako. Na kutoka Mbeya kwenda Njombe mwambie anayekutumia kama basi linaingia Njombe au linapita barabara kuu. Likiwa la barabara kuu mzigo unashushwa Makambako na wewe ndiye unayeufuata. Mkubaliane kabla, siyo saa nane usiku gari likiwa limesimama.

---

Jembe la Nzovwe

Nimesoma yote. Nilimuuliza baba yangu jioni hii kama tuna sanduku. Akaniambia tunalo, na kwamba hati ya kiwanja chetu cha Iwambi imeandikwa anwani hiyo. Hajalichungulia tangu mwaka juzi. Kesho tunakwenda naye.

---

Binti wa Isanga

Wakuu, nimerudi. Ni wiki ya tano, nawaandikia nikiwa Njombe. Samahani kwa ukimya, uhamisho una mambo mengi.

Niliomba ruhusa siku mbili nikaenda Mbeya kwanza. Barua ya postamasta niliipeleka kama mzee alivyoelekeza, majina matano: langu, la mama, la mdogo wangu, la baba, na "Msimamizi wa Mirathi" pamoja na jina lake. Karani aliisoma yote, akaniuliza kwa nini marehemu yumo. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akagonga muhuri nakala zote mbili, akaniambia ataibandika ndani upande wa wapangaji wa barua ili kila zamu waione.

Sanduku nimelilipia mwaka mzima. Ufunguo nimempa mama mdogo anayeishi Isanga, nimeufunga uzi mwekundu na kipande cha kadi ngumu kilichoandikwa "SANDUKU LA POSTA, KILA IJUMAA". Nimemwachia na barua ya idhini ya rejista na nakala ya kitambulisho, kwenye bahasha ndani ya Biblia yake, ndiko anakotunza karatasi za maana.

Halafu nilikaa na mama tukaorodhesha kila mtu mwenye anwani yetu. Nilidhani watakuwa watano au sita. Tulifika 17. Mama ndiye aliyekumbuka ofisi ya ardhi, chama cha ushirika cha kahawa alichokuwa mwanachama baba, na bima ya zamani. Kila mmoja nimemwandikia, kwenye karatasi, nakala ninazo. Wanne wamejibu mpaka sasa. Ofisi moja imesema anwani haibadilishwi kwa barua, nijaze fomu yao na niambatishe utambulisho wa mtendaji wa huku. Mtendaji wa Mtaa, ulisema kweli: nilikuwa nimeshakwenda wiki ya kwanza, nikaipata siku hiyo hiyo.

Sanduku la Njombe nimepata, lilikuwepo moja. Kabla ya hapo nilitumia ile ya Poste Restante siku kumi na mbili.

Na juzi Jumanne nimefungua nikakuta bahasha ya kwanza kutoka Mbeya. Anwani ya zamani imekatwa kwa kalamu ya bluu, mstari mmoja tu ulionyooka, na pembeni, kwa mwandiko wa mtu nisiyemjua, "Njombe" na namba yangu mpya. Haikupitia kwa mama mdogo, nimemuuliza. Ni wao wenyewe kule ndani.

---

Mstaafu wa Kaunta

Nimefurahi sana, binti yangu. Nimefurahi mno. Hebu igeuze hiyo bahasha, uangalie mihuri yote. Ilipita Mbeya tarehe ngapi, na Njombe imegongwa tarehe ngapi?

---

Binti wa Isanga

Nimeigeuza mzee. Mbeya tarehe 4, Njombe tarehe 12. Siku nane.

Ni ya shangazi, kutoka Kapiri Mposhi. Kurasa tatu, anauliza kwa nini mwaka huu hatujamjibu. Nimemwandikia jana usiku, anwani mpya nimeiweka juu kabisa na nyuma ya bahasha pia, na leo asubuhi kabla ya zamu nimepita kuitia posta.